Maporomoko Yaliyo Chini ya Maji

Msomaji mpendwa, kama umepata kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu siku ya mvua, utakuwa umekwisha kuyaona mambo mawili kwa pamoja: uzuri wa nchi na kazi ya binadamu. Mkono mmoja genge limesimama kama ukuta. Mkono wa pili ardhi imetoweka katika ukungu. Na katikati imepita njia iliyochongwa na watu. Msafiri aketiye nyuma ya kioo kilichojaa matone huuliza atafika saa ngapi. Ni wachache waulizao ni nani aliyeupasua mwamba ule, na kabla ya njia kupita palikuwa na nini. Walakini maswali hayo mawili ndiyo mlango wa elimu ya historia.

Leo nataka nikuchukue katika njia nyingine ya namna hiyo, iliyo mbali sana na kwetu. Hatuhitaji nauli wala pasipoti. Ramani na yale yaliyoandikwa yatatutosha. Iko Marekani, upande wa magharibi wa nchi hiyo, ambako hupita mto uitwao Columbia. Mto huu huanzia Kanada, ukaenda mwendo wa kilomita 2,000 hivi, kisha ukamwagika katika bahari ya Pasifiki. Kabla ya kufika baharini hukutana na safu ya milima iitwayo Cascade, nao haukuizunguka bali uliipasua. Korongo lililopasuliwa hivyo lina urefu wa kilomita 130 hivi, na mahali pengine kuta zake zimepanda mita 1,200 juu ya maji. Kusini mwa mto ni jimbo la Oregon. Kaskazini ni jimbo la Washington, ambalo usilichanganye na mji mkuu wa Marekani, kwani mji huo uko upande wa pili wa bara.

Basi na tuanze. Tunatoka mji wa Portland asubuhi, mwezi wa Novemba, motokaa yetu ikielekea mashariki. Mvua imekwisha kuanza. Si ile mvua ya kwetu inyeshayo kwa ghadhabu alasiri kisha ikatuacha na jua, bali ni ya pole pole, yenye subira, inyeshayo mchana kutwa na usiku kucha. Sababu yake si ngumu. Pepo zitokazo Pasifiki huja zimebeba unyevu mwingi. Zikifika milimani hulazimika kupanda, na zikipanda hupoa, na zikipoa huutua mzigo wao. Hivyo mji mdogo wa Cascade Locks, ulio katikati ya milima, hupata mvua ipatayo milimita 1,900 kwa mwaka. Lakini ukiendelea mashariki kwa mwendo usiotimia saa moja utafika mji wa The Dalles, ambao haupati hata milimita 400. Ni kana kwamba umetoka Kericho ukafika Garissa kabla chai yako haijapoa. Likumbuke jambo hili, kwa maana mwisho wa safari yetu uko katika nchi ile kavu.

Njia tunayoifuata ilianza kujengwa mwaka 1913. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kuutwaa ukanda wa ardhi tambarare kando ya maji tangu miaka ya 1880, kwa hiyo barabara ya motokaa haikupata nafasi ila juu ya magenge. Palikuwa na tajiri mmoja, Samuel Hill, aliyeamini kwamba barabara njema ni heshima ya nchi. Na palikuwa na mhandisi, Samuel Lancaster, aliyepewa kazi ya kuichora. Mwaka 1908 watu hawa wawili walikuwa wamekwenda Ulaya kuhudhuria mkutano wa mataifa juu ya barabara uliofanyika Paris, na huko waliziona njia za milimani zilizojengwa kwa mawe na kudumu. Lancaster aliazimia kwamba njia yake isizidi kupanda mita 5 katika kila mita 100, na kwamba isiyakwepe maporomoko ya maji, bali iyatafute moja moja na kumfikisha msafiri miguuni pake. Kuta za kuizuia njia isiporomoke zilijengwa na waashi wa mawe, wengi wao Waitaliano. Sehemu ya magharibi ilizinduliwa mwaka 1916, na mwaka 1922 njia yote ikakamilika hadi The Dalles.

Hapa sharti nikurudishe nyumbani kidogo. Pale chini ya mteremko wa Mai Mahiu liko kanisa dogo sana kando ya barabara. Lilijengwa mwaka 1942 na Waitaliano waliokuwa mateka wa vita, wakati walipokuwa wakitumikishwa kuijenga barabara ile ya ukingoni. Waashi wa Columbia walikwenda kutafuta ujira. Wale wa Mai Mahiu walipelekwa kwa nguvu. Mikono ni ya taifa moja, mawe yanafanana, lakini habari zake ni mbalimbali. Ndiyo maana nasema jiwe peke yake halitoshi kumfunza mtu historia; lazima umuulize aliyelipanga.

Sasa tumefika Crown Point, jabali lililo mita 220 na zaidi juu ya mto. Juu yake imejengwa nyumba ya mviringo, iliyokamilika mwaka 1918, ili wasafiri wapumzike na kutazama. Siku njema mtu huona kilomita nyingi za korongo. Siku kama ya leo huona mawingu yakitambaa chini yake kama kondoo. Kutoka hapo njia hujikunja mara kadhaa ikiteremka msituni, na maporomoko yanaanza. Kwanza Latourell, maji yaangukayo wima mbele ya nguzo za mawe meusi. Kisha mengine, na mengine, hata tunafika Multnomah, ambayo ndiyo makubwa kuliko yote katika jimbo la Oregon. Urefu wake ni mita 189, kwa hatua mbili, na baina ya hatua hizo mbili limetupwa daraja jembamba la saruji lililojengwa mwaka 1914. Simama darajani, msomaji. Mvua yakupiga kutoka juu, manyunyu ya maporomoko yakupiga kutoka ubavuni, na hujui tena ni maji yapi ya mbinguni na yapi ya mlimani.

Huenda ukauliza kwa nini mahali pamoja pawe na maporomoko mengi namna hii. Jibu lake lilimgharimu mtu mmoja sehemu kubwa ya maisha yake. Kuta za korongo ni mawe yaliyotokana na moto wa ardhini uliomwagika mamilioni ya miaka iliyopita. Baadaye, katika zama za barafu, yapata miaka 15,000 hadi 18,000 iliyopita, barafu iliziba bonde katika nchi ya mashariki likawa ziwa kubwa. Barafu ilipovunjika, ziwa zima lilikimbilia baharini kupitia korongo hili, na jambo hilo likarudiwa mara nyingi. Gharika hizo zilikwangua kuta za bonde, vijito vilivyokuwa vikiteremka taratibu vikakatwa miguu, navyo havina budi kuruka. Mwanajiolojia J Harlen Bretz alipoieleza habari ya gharika kubwa mwaka 1923, wakubwa wa elimu hiyo walimkataa. Hakunyamaza. Mwaka 1979, akiwa amepita umri wa miaka 90, chama cha wanajiolojia wa Marekani kilimtunukia nishani yake ya juu. Mvumilivu hula mbivu, ingawa mara nyingine huila akiwa hana meno.

Tumezidi kwenda mashariki, na sasa mto umetanda, umetulia kama ziwa. Hapa ni Bonneville, mahali pa bwawa la kwanza la korongo hili, lililozinduliwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1937. Nyuma ya ukuta wake, mwaka uliofuata, maji yalipanda yakafunika mahali palipokuwa na mkondo mkali wenye kishindo, ulioitwa kwa lugha ya wageni jina lenye maana ya maporomoko, yaani Cascades. Mkondo huo ulitokana na mlima uliomeguka yapata katikati ya karne ya 15 na kuuziba mto kwa muda. Wenyeji wa asili walihifadhi katika masimulizi yao habari ya daraja la mawe lililowavusha wazee wao, na wataalamu walipochunguza udongo walikuta kwamba masimulizi hayo hayakuwa ngano tupu. Na safu nzima ya milima, kutoka Kanada hadi Kalifornia, ilipewa jina kutokana na mkondo huo. Mkondo wenyewe haupo tena machoni pa watu. Jina limebaki limeangikwa milimani, kama kofia ya marehemu ukutani.

Mbele ya hapo mvua inaanza kukatika. Misonobari inapungua, majani yanageuka rangi ya simba, na anga linafunguka. Tumevuka mlima. Tunaupita mji wa The Dalles, na kilomita chache mbele yake tunasimama mahali ambapo msafiri wa kawaida hasimami, kwa sababu hapana kitu cha kutazama. Ni mto mpana uliotulia, na kijiji kidogo kando yake. Mahali hapa huitwa Celilo. Naam, msomaji, maporomoko yote tuliyoyaona tangu asubuhi yalikuwa utangulizi tu. Nilitaka kukuleta hapa.

Maporomoko ya Celilo hayakuwa marefu. Yalikuwa kadiri ya mita 6 tu, wala hayangeweza kushindana na Multnomah kwa kimo. Lakini Multnomah ni kijito, na Celilo ulikuwa mto mzima. Kila mwaka samaki waitwao samoni, ambao huzaliwa vijitoni, hukulia baharini, kisha hurudi kuzaa mahali walipozaliwa, walifika hapa wakarukaruka kuyapanda maji. Watu walijenga majukwaa ya miti juu ya mawe, wakasimama juu ya povu wakiwavua kwa nyavu zenye mipini mirefu. Ukitaka kuifahamu picha hiyo, wafikirie Wagenya wa Kisangani, nchini Kongo, wasimamishao miti yao katikati ya maporomoko na kutega madema. Katika eneo la Celilo watu walivua kwa muda wa miaka 10,000 na zaidi. Samaki walikaushwa kwa upepo mkavu wa upande huu, wakatwangwa, wakafungwa, wakauzwa kwa watu waliotoka mbali, wa pwani na wa tambarare. Meriwether Lewis na William Clark, wapelelezi waliotumwa na serikali ya Marekani, walipofika hapa mwezi wa Oktoba 1805, waliandika habari za marundo ya samaki waliowaona. Hawakugundua pori, walifika sokoni. Kijiji cha hapo kiliitwa Wyam, jina lifasiriwalo kuwa ni mwangwi wa maji yaangukayo.

Mwaka 1855, mwezi wa Juni, wajumbe wa serikali walifanya mikataba na mataifa ya wenyeji wa nchi hii. Yakama, Umatilla, Nez Perce na Warm Springs waliachilia sehemu kubwa mno ya ardhi yao. Jambo moja hawakuliachilia. Iliandikwa katika mikataba yote kwamba wataendelea kuvua samaki mahali pote walipozoea kuvua. Wazungu walipoanza kuziba njia za kwenda mtoni na kuweka magurudumu makubwa ya kunasa samaki, shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1905 ikaamua jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alifahamu: kwamba haki ile haikuwa zawadi waliyopewa wenyeji na serikali. Wenyeji ndio waliotoa, na katika kutoa walijiwekea haki ile isitoke mikononi mwao.

Hata hivyo mwaka 1952 serikali ilianza kujenga bwawa jingine, karibu na The Dalles. Tusiwaonee waliolijenga kwa kusema hawakuwa na sababu. Umeme wa mto huu ulikuwa umekwisha kuendesha viwanda vikubwa wakati wa vita vya pili vya dunia. Mwaka 1948 gharika iliufuta kabisa mji wa Vanport, jirani na Portland, ikaua watu na kuwaacha maelfu bila makao. Meli nazo zilihitaji maji yaliyotulia ili zipande hadi bara. Hayo yote ni kweli. Lakini ni kweli vile vile kwamba ahadi ni deni, na deni halifutwi kwa sababu mdaiwa amepata shughuli nyingine nzuri. Mzee Tommy Thompson, mkuu wa watu wa Wyam, aliipinga kazi hiyo. Mataifa manne yalilipwa fidia ya karibu dola milioni 27. Jumapili tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa ilifungwa. Watu walisimama ukingoni wakitazama. Maji yalipanda kwa saa chache tu, yakayafunika mawe, na sauti iliyokuwa haijanyamaza kwa maelfu ya miaka ikanyamaza kabla ya jua kuchwa. Mzee Thompson alifariki mwaka 1959.

Je, habari ikaishia hapo? La. Maji yaliufunika mwamba. Hayakuifunika ile karatasi. Wavuvi waliendelea kuvua, wakakamatwa, wakashtaki. Mwaka 1969 mahakama katika Oregon iliamua kwamba kwa mikataba ile ile ya 1855 wenyeji wanastahili sehemu ya haki ya samaki wa mto huu. Mwaka 1974 jaji katika jimbo la Washington akasema sehemu hiyo ni nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mataifa yale manne yaliunda tume yao ya uvuvi mwaka 1977, nayo ina wataalamu wake na sauti yake katika kila shauri la mto. Na mwaka 2008 vyombo vya kupima kwa sauti viliposhushwa majini pale Celilo, vilionyesha kwamba mawe ya maporomoko yangaliko, hayakuvunjika. Yamelala chini, yamenyamaza, lakini yapo.

Sasa turudi nyumbani, maana msafiri hana budi kurudi. Mwaka 1862 John Hanning Speke alisimama mahali ambapo mto Naili hutoka katika ziwa kubwa, akayaita maporomoko aliyoyaona Ripon, ingawa wenyeji walikuwa wakiyajua kabla babu yake hajazaliwa. Mwaka 1954, miaka mitatu kabla ya Celilo, bwawa la Owen lilizinduliwa karibu na hapo, na maporomoko ya Ripon yakazama. Mji uliopo kando yake huitwa Jinja, maana yake mwamba, kwa ajili ya miamba ile ya mtoni. Jina limebaki, kama lile la Cascade. Umeme wa bwawa hilo ulivuka mpaka ukafika Kenya, na huenda babu yako aliusomea kitabu chake cha kwanza. Mwaka 2011 maporomoko ya Bujagali, ambayo Wabasoga waliyaheshimu kuwa makao ya mzimu, yalizama vivyo hivyo. Na sisi wenyewe katika mto Tana tumejenga Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981, na mengine baina ya hayo na baada yake.

Mimi ni mwalimu, na taa ninayosahihishia daftari jioni huwashwa na mito. Siwezi kuilaani huku nikiitumia. Lakini mtumiaji wa kitu apaswa kuijua bei yake, na bei ya taa haiandikwi yote katika hati ya malipo ya mwezi. Sehemu nyingine imeandikwa chini ya maji, na sehemu nyingine iko katika vinywa vya wazee.

Kwa hiyo, msomaji, utakaposafiri siku ya mvua katika bonde lolote zuri, yatazame maporomoko na ufurahi. Hilo ni haki yako. Kisha ukifika mahali ambapo mto ni mpana mno na umetulia kupita kiasi, mwambie dereva asimame. Mtafute mzee wa mahali hapo, umwamkie kwa heshima, na umuulize: hapa, zamani, palisikika nini? Na aliyeahidiwa kitu siku ile sauti iliponyamaza, je, alikipata? Yaandike majibu yake siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe, kwani watu wa Columbia walipokwisha kunyang'anywa maporomoko yao, walichobaki nacho cha kusimamia mahakamani kilikuwa ni maneno yaliyoandikwa.